Ukuta wa Mabaharia na Mgomba wa Kukhu

Mwaka wa 2021 nililipwa dola 18 kusifu mahubiri ambayo hayakunishawishi. Mteja alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja huko Marekani na oda yake ilikuwa fupi: kurasa tano kuhusu mahubiri ya Mchungaji Mapple katika riwaya ya Moby-Dick ya Herman Melville, ndani ya saa 12. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja kabla ya hapo, karo ikinishinda nikiwa mwaka wa tatu, na kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao ndiyo iliyolipa kodi ya bedsita yangu huko Kahawa Wendani. Mtu aliyeacha digrii yake anawaandikia wengine zao. Kichekesho hicho nakijua, usijisumbue kunionyesha.

Saa 12 hazitoshi kusoma Moby-Dick. Nikaruka hadi sura ya 9 yenye mahubiri, nikaisoma mara mbili, kisha kwa sababu mteja alitaka muktadha nikarudi sura mbili nyuma. Sura ya 7 haina nyangumi wala mahubiri. Msimulizi, Ishmael, anaingia katika kanisa dogo la mabaharia mjini New Bedford, Massachusetts, siku ya dhoruba ya theluji na mvua, mhubiri akiwa bado hajafika. Waumini ni wachache, mabaharia na wake zao na wajane, na kila mmoja amekaa mbali na mwenzake. Hakuna anayeongea. Wote wanakodolea macho vibao vya marumaru vyenye ukingo mweusi vilivyojengewa ukutani. Kila kibao ni cha watu waliokufa majini na ambao hawakuwahi kuzikwa na jamaa zao.

Insha niliandika, mteja akapata alama nzuri, akaniongeza dola 2. Lakini sura ya 7 ilibaki nami. Tangu wakati huo nimeirudia mara nyingi bila oda ya mtu, na ninachotaka kusema ni kwamba watu wanaisifu sura isiyofaa. Mahubiri ya Mapple ndiyo yanayofundishwa, ndiyo yaliyoigizwa kwenye filamu ya John Huston ya 1956. Ila jambo zito zaidi katika kanisa lile lilishasemwa na ukuta kabla Mapple hajafungua kinywa.

Tuanze na vibao vyenyewe. Melville anatuonyesha vitatu, na Ishmael anakiri kwamba hanukuu neno kwa neno. Cha kwanza ni cha kijana wa miaka 18 aliyeanguka kutoka melini karibu na kisiwa kimoja pwani ya Patagonia, tarehe 1 Novemba 1836. Kimewekwa na dada yake. Cha pili ni cha wanaume sita wa mashua moja ya meli iitwayo Eliza, waliokokotwa na nyangumi hadi wakapotea machoni katika Bahari ya Pasifiki, tarehe 31 Desemba 1839. Kimewekwa na wenzao waliosalia. Cha tatu ni cha nahodha aliyeuawa na nyangumi akiwa kwenye omo ya mashua yake, pwani ya Japani, tarehe 3 Agosti 1833. Kimewekwa na mjane wake.

Ukivisoma kwa pamoja utaona vina mambo manne yasiyobadilika: nani, lini na wapi, kwa njia gani, na nani ameweka kibao. Hakuna kinachosema marehemu alikuwa mpole, au kwamba amepumzika mahali pema. Mtu aliyezoea matangazo yetu ya vifo magazetini, yale ya "kwa masikitiko makubwa lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu", anaweza kudhani vibao hivi ni vikavu. Mimi naona ukavu huo ndio heshima yenyewe.

Sababu ni hii. Kaburi la kawaida lina neno moja linalobeba kazi yote: hapa. Melville mwenyewe aliliona hilo. Ishmael anawageukia wenye makaburi ya nchi kavu, wanaoweza kusimama kwenye nyasi na kusema kwamba mpendwa wao amelala hapa, na anawaambia kwamba hawajui ukiwa wa watu hawa. Kwa Kiswahili jambo hili linaonekana wazi zaidi kwa sababu lugha yetu haikubali mahali pawe pa aina moja tu. Tuna hapa, panapojulikana mipaka yake. Tuna huku, pasipo na mpaka. Tuna humu, ndani ya kitu. Kaburi ni hapa. Bahari inakupa huku na humu peke yake. Ndugu yako yuko huko, yumo humo, lakini hakuna siku utakayosimama useme yupo hapa. Basi kibao cha baharia kinapotaja kisiwa, pwani, tarehe na jina la meli, kinajaribu kulivuta "huko" likaribie "hapa" kadiri maneno yanavyoweza. Ishmael anaomboleza kwamba watu hawa hawana mahali, na nadhani haoni kwamba vibao vyake mwenyewe vinahangaika kuwapa mahali.

Kanisa hilo si la kubuni. Linaitwa Seamen's Bethel, lilifunguliwa mwaka wa 1832, na Melville alikuwa New Bedford kabla ya kupanda meli ya kuwinda nyangumi, Acushnet, iliyong'oa nanga tarehe 3 Januari 1841. Vibao vipo ukutani hadi leo, 31. Kimoja ni cha nahodha William Swain wa meli Christopher Mitchell ya Nantucket: alimpiga nyangumi chusa, kamba ikamnasa ikamrusha majini, akazama, tarehe 19 Mei 1844. Kingine kiliwekwa na maofisa na mabaharia wa meli A. R. Tucker kwa ajili ya Charles H. Petty, kijana ambaye hata miaka 18 hakuitimiza. Desemba 1863 alikuwa akioga baharini karibu na meli, papa akamuuma, akafa baada ya saa tisa. Wenzake walimzika kwenye kisiwa kimoja karibu na pwani ya Afrika, na kibao kinakitaja.

Kibao cha Petty ndicho kilichoniuma zaidi. Saa tisa! Kuna mtu alihesabu. Kuna mtu alikaa na yule kijana saa hizo zote, akatazama saa yake, na waliporudi Massachusetts akahakikisha mama mtu atajua kwamba mwanawe hakufa ghafla wala hakufa peke yake. Na waliomzika walitaja kisiwa, ili kama siku moja ndugu yake akipita pwani ile ajue pa kuuliza.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanihusu. Mwaka wa 2009, nikiwa na miaka 11, khocha wangu, yaani mjomba, ndugu wa mwisho wa mama, alipotea baharini. Alikuwa ametoka kwetu Bungoma akaenda kubeba mizigo bandarini Mombasa, kisha wakala mmoja akamtafutia kazi kwenye meli ya uvuvi ya kigeni. Alituma pesa mara tatu kwa M-Pesa. Baadaye ikaja barua kupitia kwa huyo wakala. Ilikuwa na sentensi mbili: kwamba alianguka majini usiku, na kwamba kampuni inatoa pole. Mahali palipotajwa ni Bahari ya Hindi.

Bahari ya Hindi ina ukubwa wa kilomita za mraba takribani milioni 70. Meli ile ilikuwa na vyombo vya setilaiti vya kuionyesha ilipo, saa zote. Wawindaji wa nyangumi wa 1863, wenye dira, ramani na vipimo vya jua, walimtajia mama wa Petty kisiwa. Sisi mwaka wa 2009 tulitajiwa bahari nzima. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kwamba vibao vya New Bedford ni vikavu. Mimi barua kavu nimeiona, na ukavu wake ulikuwa wa kuficha.

Sasa nirudi kwa Mapple, niseme kile nilichotakiwa kukisema kwenye ile insha ya dola 18. Mhubiri anapanda mimbari iliyojengwa mfano wa omo ya meli, anavuta ngazi ya kamba nyuma yake, na anahubiri habari za Yona. Ni mahubiri ya nguvu, lugha yake inanguruma, sibishi. Lakini fikiria waliokaa mbele yake. Wajane hawa wametoka kusoma majina ya waume zao ukutani, naye kati ya hadithi zote za Biblia anawachagulia ya mtu aliyemezwa na samaki akatapikwa nchi kavu siku ya tatu. Wao wamengoja siku ya tatu, na mwaka wa tatu, na wa kumi. Hakuna aliyetapikwa. Mapple hautaji ukuta hata mara moja. Anazungumza juu ya dhambi, toba na wajibu wa mhubiri kusema kweli, na anamaliza bila kumtazama mjane yeyote. Wahakiki wengi huyasoma mahubiri haya kama ufunguo wa riwaya nzima, Ahabu akiwa Yona aliyekataa kutubu. Sawa. Ila kama mahubiri, kwa waumini wale, siku ile, ni mahubiri yaliyowakwepa.

Hata Ishmael naye anakwepa, tofauti ni kwamba yeye anakwepa kwa mzaha. Mwisho wa sura ya 7, baada ya kuyatazama majina ya watu waliofanya kazi anayokwenda kuifanya, anajipa moyo. Anasema mwili wake si yeye hasa, ni kama machicha yanayobaki baada ya kukamua tui, auchukue anayeutaka. Wasomaji huupenda ucheshi huu, nami niliupenda nilipousoma mara ya kwanza. Lakini machicha anayoyatupa ni yake. Ana haki nayo. Mwanamke aliyekaa viti viwili mbele yake hawezi kusema hivyo juu ya mwili wa mumewe.

Kuna mtu mmoja tu kanisani asiyekwepa, na Melville anampitia kwa sentensi chache. Ni Queequeg, mrusha chusa kutoka visiwa vya Pasifiki, rafiki mpya wa Ishmael. Ishmael anapoingia, Queequeg peke yake ndiye anayeinua macho kumtazama. Sababu yake? Hajui kusoma. Wengine wote wamezama kwenye maandishi ya ukutani. Yeye maandishi hayamwambii kitu, basi anamwona mtu aliye hai anayepita mlangoni. Kwa muda mrefu niliisoma sentensi hii kama mzaha juu ya mtu ambaye riwaya inamwita mshenzi. Siku hizi siioni hivyo, na aliyenibadilisha ni Kukhu.

Kukhu, nyanya yangu mzaa mama, hajui kusoma. Barua ya 2009 nilimsomea mimi, kwa kuwa mama hakuweza kuimaliza. Alinisikiliza, akaniambia nirudie, nikarudia. Akauliza, "Hapo wameandika mwili uko wapi?" Nikamwambia hawajaandika. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita jirani wakaenda shambani kuchagua mgomba.

Kwetu Bukusu, na kwa Waluhya wengi, mtu aliyekufa mbali na mwili wake usipatikane huzikiwa shina la mgomba. Majirani zetu Wajaluo huzika yago, lile tunda refu la mwegea. Waislamu wa pwani wana swala ya ghaibu, maiti anaswaliwa ijapokuwa hayupo. Kila watu wamelazimika kutafuta jibu la swali hilo moja. Shina letu lilikatwa urefu wa mtu mzima, likavalishwa shati la khocha, likafungwa shuka. Wazee walichimba kaburi la kweli. Wanawake walilia kilio cha kweli. Mimi nilisimama pale na miaka yangu 11 nikiona aibu, kwa sababu shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba mambo haya ni ya kizamani.

Kanisa halikuja. Mchungaji wa wakati huo aliitwa, akasema kwa upole kwamba kanisa linazika watu, halizikii mimea, na kwamba angekuja nyumbani kuomba na familia siku nyingine. Alikuja kweli, baada ya wiki mbili, akasoma neno, akanywa chai. Kukhu alimshukuru. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akimtaja mchungaji yule, na kwa mtu wa maneno mengi kama yeye hilo lilikuwa jambo.

Niliposoma sura ya 7 miaka 12 baadaye, nilichokiona kwanza kilikuwa wivu. Kumbe kuna kanisa lililokubali kuwaweka ukutani watu wasio na mwili! Kumbe inawezekana. Mchungaji wetu hakuwa akilinda Ukristo wote, alikuwa akilinda desturi ya mahali fulani. Kibao cha marumaru na shina la mgomba ni ndugu: vyote viwili vinakaa palipotakiwa kuwa na mtu. Kimoja kilibarikiwa kwa kuwa ni jiwe lenye maandishi. Kingine kikakataliwa kwa kuwa kilitoka shambani.

Lakini wivu si uhakiki, na lazima niwe mkweli kuhusu upande wa pili. Ukuta una madhara yake. Melville anaeleza kwamba baadhi ya wanawake wale walionekana kama watu ambao vidonda vyao havijapona, na kuviona vibao kunavifanya vitoke damu upya. Miaka 35 baada yake, mwaka wa 1886, Mfaransa Pierre Loti alitoa riwaya ya Pêcheur d'Islande, inayohusu wavuvi wa Bretagne waliokwenda kuvua chewa kwenye bahari za Iceland. Uvuvi huo kutoka Paimpol ulidumu toka 1852 hadi 1935, na hesabu inayotajwa kwa kawaida ni meli kama 120 na wanaume kama 2,000 waliopotea. Katika makaburi ya Ploubazlanec, karibu na Paimpol, upo ukuta mzima wa waliopotea baharini. Katika riwaya ya Loti, Gaud, msichana anayempenda mvuvi aitwaye Yann, anaingia kwenye kikanisa cha huko na kusoma vibao vya watu wa ukoo wa Yann waliopotea mmoja baada ya mwingine. Yann bado yu hai. Gaud anasoma majina ya waliokufa, na anachokiona ni zamu.

Hili Loti alilielewa kuliko Melville. Ukuta wa kanisa kwenye kijiji cha wavuvi unaweza kuwa foleni. Ukishakuwa na safu ya majina, vifo vinaanza kuonekana kama desturi ya mahali, kama mvua za vuli, na hakuna anayemuuliza mwenye meli kwa nini mashua zake zinavuja. Bahari inabeba lawama yote. Haishtakiwi, haina ofisi.

Kuna na swali la nani anapata kibao, na kwa jina gani. Hapa karibu na kwetu, katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, lililojengwa na Askofu Edward Steere palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likiwekwa siku ya Krismasi ya 1873, kuna kioo cha rangi cha kuwakumbuka mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika doria za kuzuia biashara ya watumwa. Ni haki wakumbukwe. Lakini meli zile zilichukua pia Waafrika, wengi wakiajiriwa papo hapo Unguja. Waingereza waliwaita "masidi". Walichochea makaa, walipiga makasia, walikuwa wakalimani, na baadhi yao walikuwa wenyewe wametoka utumwani. Kwenye daftari za meli wengi waliandikwa kwa majina ya kubandikwa na ya utani, kwa kuwa aliyeshika kalamu hakujisumbua kuuliza la nyumbani. Mtu wa namna hiyo hata ukimchonga kwenye marumaru hujamrudisha kwao. Dada yake akipita pale akasomewa, hatajua kwamba ni ndugu yake anayesomwa.

Melville analijua swali hili, ingawa halijibu kanisani. Analijibu mbele, katika sura ya 93, kwa Pip, mvulana mweusi wa melini. Pip anaruka kutoka kwenye mashua kwa hofu, na Stubb, afisa wa meli, anamwonya asirudie, akimwambia waziwazi kwamba nyangumi mmoja angeuzwa mara 30 ya bei ya Pip kule Alabama. Pip anaruka tena. Wanamwacha majini wakimfuata nyangumi. Meli inamwokota baadaye kwa bahati tu, akili yake ikiwa imeshaondoka. Kwangu hiyo ndiyo sentensi inayokosekana kwenye vibao vyote 31. Vinasema alikufa wapi, lini, namna gani. Havisemi ilikuwa faida ya nani.

Na Queequeg? Yeye anajitengenezea cha kwake. Akiwa mgonjwa anaagiza jeneza, na akishapona analichonga kwa michoro ile ile iliyo kwenye ngozi yake. Ni maandishi ambayo hakuna yeyote melini anayeweza kuyasoma, hata yeye mwenyewe. Meli inapozama, jeneza hilo ndilo linaloibuka na kuelea, na Ishmael anaokoka kwa kulishikilia. Mtu asiyejua kusoma, ambaye kanisani ndiye pekee aliyemwona Ishmael akiingia, ndiye aliyeacha kitu kilichomrudisha mmoja nchi kavu. Watalii wanaokwenda New Bedford leo hukuta mimbari ya mfano wa meli. Iliwekwa mwaka wa 1961, baada ya filamu, maana wageni walikuwa wakifika na kuiulizia, nayo haikuwahi kuwepo. Kanisa likalazimika kumfuata Mapple. Hakuna aliyeulizia jeneza la Queequeg.

Mwaka huu kanisa letu la Bungoma linaezekwa upya. Mchungaji ni mwingine, kijana, na ametangaza kwamba familia zitakazochangia zinaweza kuweka vibao vidogo kwenye ukuta wa ndani kwa ajili ya watu wao. Kukhu alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Wewe si ndiye unayeandika? Mwandikie khocha wako. Mchango nimeshatoa, kuku wawili."

Nikaandika kwa kufuata yale mambo manne. Jina lake kamili, la nyumbani na la ubatizo. Mwaka. Kwamba alianguka majini usiku akiwa kazini. Jina la meli, ambalo silitaji hapa, ila ubaoni litakuwepo, kwa sababu nataka kila atakayepita alisome. Kwamba kibao kimewekwa na mama yake. Na mwishoni nikaongeza neno moja nililoliona zuri sana: hajarudi. Nililipenda lile -ja-, linaloacha mlango wazi.

Nikaenda nyumbani, nikamsomea. Alisikiliza kama alivyosikiliza ile barua. Nilipofika mwisho akatikisa kichwa.

"Hapana. Andika hakurudi."

Nikaanza kumweleza habari za matumaini, na kwamba neno lile linasikika vizuri zaidi. Akanikata. "Mjukuu wangu, mimi nilimzika. Ulikuwa hapo, ulishika jembe. Anayemngoja ni nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa mimi. Mgomba ulikuwa umefanya kazi yake kwake miaka mingi iliyopita, ukaoza, ukawa udongo, na yeye akaendelea kupanda mahindi. Aliyebaki akikodolea ukuta ni yule anayejua kusoma. Ila nami nilimwambia, na akakubali, kwamba mgomba haukuweza kuiuliza meli kitu, ndiyo maana ubao tunauhitaji vilevile. Nimeandika hakurudi.

Pa kuandika mahali pamebaki wazi. Fundi wa vibao pale mjini aliniuliza kama nataka aisogeze mistari iliyo chini ili nafasi isionekane. Nikamwambia aiache. Akasema sawa, nafasi hailipiwi, kinacholipiwa ni herufi.